Okestra Isiyo na Pengo

Jina la nchi yenyewe halitatajwa hapa, wala si kwa woga. Ni kwamba ilikuwa imebadilishwa jina mara nne, na safari ya mwisho Gazeti la Serikali lilichelewa kutoka kiwandani, wananchi wakakaa siku kumi na moja bila kujua ni wananchi wa wapi. Walivumilia. Katika nchi ile uvumilivu ulikuwa somo kuanzia darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kufeli mtihani wake, kwa kuwa karatasi za majibu hazikuwa zikisahihishwa.

Nchi hiyo ilikuwa na okestra. Watu sabini na wawili, wenye fidla ndogo na fidla kubwa, filimbi, mazumari, matarumbeta na ngoma, wote wakivaa nguo nyeusi na kukaa nusu duara katika Ukumbi wa Taifa. Mlezi Mkuu wa Taifa, yaani Rais, aliiona okestra ya namna hiyo alipokuwa ziarani katika nchi za baridi, akaambiwa kwamba kila taifa lililostaarabika linayo. Aliporudi alitoa miezi sita iwe imepatikana, na anayesema haiwezekani naye apatikane.

Ndipo alipoitwa Ansigari Mkolela. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mwembamba, mtoto wa mpiga kinanda wa kanisa la misheni. Alikuwa amesomea ng'ambo kazi ya kuongoza wapigaji, na hapakuwa na jambo jingine duniani alilolijua. Lakini hilo alilijua. Aliposimama mbele ya watu wale na kuinua kifimbo chake, sabini na wawili walivuta pumzi moja.

Barua yake ya uteuzi ilimwita "kondakta". Kwa ajili ya neno hilo jalada lake lilipelekwa Wizara ya Uchukuzi, likakaa huko miaka mitatu. Kila mwezi wa kwanza aliitwa kupimwa macho na kutia sahihi kwamba hatazidisha abiria. Alikwenda, akapimwa, akatia sahihi.

"Kwa nini usiwaambie?" Bi Leokadia alimuuliza.

Bi Leokadia ndiye aliyekuwa kiongozi wa fidla. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, aliyemzidi Ansigari miaka michache, aliyekaa mkono wa kushoto wa Ansigari, karibu kabisa, kiasi kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyemtazama machoni mara nyingi kuliko yeye, hata mkewe.

"Nikianza kueleza, dada, watafunga okestra wachunguze," alisema Ansigari. "Sahihi haimuumi mtu. Tufanye mazoezi."

Ilikuwa kweli. Sahihi ile haikumuuma mtu.

*

Mwaka wa sita Mlezi Mkuu alikuja kuhutubia ukumbini kabla ya muziki. Onyesho lilikuwa saa nane mchana, kama maonyesho yote ya nchi ile, kwa sababu mikusanyiko baada ya jua kuzama ilikuwa imepigwa marufuku, na muziki ulihesabiwa kuwa mkusanyiko wenye kelele. Mlezi Mkuu alisema kwa saa moja na robo. Alipofika kwenye habari ya chakula aliweka mikono kiunoni, akauliza: "Je, yuko hapa ambaye hajashiba?"

Katika mstari wa nyuma wa okestra, mpiga zumari nene alikuwa akipuliza mate yatoke kwenye bomba la chombo chake. Zumari hiyo ni ndefu kama mchi wa kutwangia, na sauti yake ni ya babu anayeamka usingizini. Jina la mpigaji lilikuwa Wilbroad, kijana mpole ajabu. Alipuliza. Zumari ikasema: "Buuuu."

Ukumbi mzima ulicheka. Ilichukua kama nukta tatu, kisha kila mtu akakumbuka mahali alipo.

Jumatatu Wilbroad hakuja mazoezini. Kiti chake hakikuwapo pia. Viti vya jirani vilikuwa vimesogezwa, vimepangwa vizuri, na sakafu imepigwa deki. Badala yake alikuja Bwana Kandoro, Afisa Upatanifu wa okestra, mtu mwenye sauti laini ambaye muda wote alikuwa na peremende shavuni.

"Ndugu Wilbroad amepewa pumziko," alisema.

"La muda gani?"

"Mwalimu, mtaalamu wa muziki si wewe? Katika muziki pumziko huandikwa na mtunzi, wapigaji wakalifuata. Sijasikia mpigaji akiuliza la muda gani."

Ansigari alitazama pale palipokuwa na kiti. "Na sehemu yake atapiga nani? Onyesho ni Jumamosi."

Bwana Kandoro alihamisha peremende upande wa pili. "Hilo ndilo tulilokuja kukuuliza wewe."

Ansigari alikaa mezani siku mbili. Aliichukua sehemu ya Wilbroad, sauti za chini akazipa fidla kubwa, za juu akawagawia mazumari mengine, na pale ambapo Wilbroad alipiga peke yake akaweka ngoma ikinguruma taratibu. Ilikuwa kazi ngumu, naye aliifanya kwa ufundi wa hali ya juu. Lazima isemwe, kwa kuwa baadaye aliisema mwenyewe: alipomaliza aliona fahari. Jumamosi hakuna aliyegundua kitu. Waziri wa Sauti na Mwangwi alipanda jukwaani, akamshika Ansigari mkono, akatangaza: "Tunayo okestra isiyo na pengo!"

Mtu mmoja tu aligundua. Alikuwa mama mfupi wa mstari wa tano, mwenye kitenge cha kijani. Alimngoja Ansigari mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema Ansigari, maana alimjua. Alikuwa mama yake Wilbroad.

"Marahaba, Mwalimu. Mwanangu hajambo huko aliko?"

Ansigari alitazama kushoto, akamwona Bwana Kandoro akimenya peremende nyingine.

"Hajambo, mama," alisema.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu mzuri. Hezroni wa tarumbeta alipewa pumziko kwa sababu alipiga sauti ya juu wakati msafara wa Mlezi Mkuu ukipita barabarani na ving'ora vyake, ikaonekana kwamba anashindana. Mpiga filimbi alipewa pumziko kwa kuwa alikuwa jirani wa Hezroni na hakusikika akilalamikia kelele. Mpiga ngoma barua yake ilisema sababu ingetajwa baadaye, na Serikali, ambayo ilikuwa inatimiza ahadi zake, iliitaja miaka minne baadaye: alikuwa ameuliza sababu.

Kila mmoja alipoondoka, Ansigari alikaa mezani. Ufundi wake ulikua. Siku mbili zikawa moja, siku moja ikawa saa nne. Alijifunza kuzifanya fidla zilie kama filimbi na kuyafanya mazumari mawili yajaze nafasi ya matano. Alipewa Nishani ya Upatanifu daraja la tatu, kisha la pili. Idara ya Takwimu ilimletea maofisa watatu wajifunze jinsi anavyofanya, nao wakasema walichojifunza kwake hawakukipata chuo kikuu.

Miaka ilipita hivyo, na okestra ikabaki na watu arobaini na sita. Magazeti yaliandika kwamba sabini na wawili walikuwa wamepiga vizuri kuliko wakati wowote.

Na kila baada ya onyesho yule mama wa kitenge alikuwa mlangoni. Nywele zake ziligeuka nyeupe zote. Swali lake halikubadilika, wala jibu. Kuna siku Ansigari alijaribu kutokea mlango wa nyuma, akamkuta huko huko. Mama alikuwa amefikiri labda Mwalimu anaumwa miguu, akaona amfuate asije akahangaika.

*

Okestra ilipotimiza miaka thelathini chini ya Ansigari, iliamriwa sherehe. Mlezi Mkuu angekuja mwenyewe. Zingepigwa kazi mbili: "Shukrani Zisizokwisha", aliyoitunga Mlezi Mkuu mwenyewe ndani ya gari, na simfonia moja ya zamani ya mtunzi wa ng'ambo, ile ile waliyoanza nayo mwaka wa kwanza.

Shida ilikuwa makofi. Mlezi Mkuu alipenda kupiga makofi muziki ukiendelea, na makofi yake hayakuwa yakifuata mapigo. Wataalamu wa Wizara walikaa wiki tatu, wakagundua kwamba makofi yako sawa na kosa liko kwenye muziki. Wakaleta taa nyekundu, wakaifunga mbele ya jukwaa, wakaiunganisha na kiti cha Mlezi Mkuu. Kila akipiga kofi, taa ingewaka, na okestra ingefuata taa.

Bwana Kandoro aliieleza taa hiyo mazoezini, akaijaribu mara mbili tatu. Bi Leokadia alikuwa ameweka fidla mapajani.

"Inapepesa kama jicho linalouma," alisema. "Mimi nitamfuata Mwalimu."

Hakupandisha sauti. Aliisema kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Waliokaa nyuma yake wakainamia nota zao kama waliopoteza kitu humo.

"Bi Leokadia anatania," alisema Ansigari haraka.

"Sitanii, Mwalimu. Miaka thelathini nimekutazama wewe. Shingo yangu haigeuki tena."

Bwana Kandoro alitabasamu, akaandika.

Mazoezi yalipokwisha, Ansigari alimfuata Bi Leokadia akiwa anafunga kasha la fidla. "Dada, kwa nini? Ilikuwa taa tu."

Bi Leokadia alifunga vifungo vyote viwili ndipo akamjibu. "Na ile ya Uchukuzi ilikuwa sahihi tu. Nenda ukale, Mwalimu. Umekonda."

Siku ya pili kiti chake hakikuwapo.

*

Ansigari alikaa mezani nyumbani kwake asubuhi, nota za simfonia mbele yake. Katikati ya simfonia ile fidla ya kwanza hupiga peke yake kwa muda mrefu, na wengine wote hunong'ona chini yake. Ni mahali ambapo Bi Leokadia alikuwa akifumba macho.

Mkewe aliingia na chai. "Unafanya nini?"

"Nafikiri kama nitaandika."

"Mbona umeshaandika?"

Ansigari alitazama chini. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuandika mistari miwili. Sauti za juu kwa mazumari, za kati kwa fidla za pili, kila kitu mahali pake, safi, hata doa la wino hakuna. Mkono haukumngoja aamue. Aliuangalia kama mtu anayemkuta mgeni sebuleni kwake.

Alimwambia mkewe afungashe aende kwa dada yake, mkoa wa mbali, akaone wajukuu. Walikuwa hawana wajukuu. Mkewe alikwenda kufungasha.

Siku hiyo hiyo Ansigari alikwenda ukumbini, akafungua kabati la chini, akatoa nakala za kwanza za simfonia, zile ambazo hakuwahi kuzibadili hata nota moja. Akazigawa kwa watu arobaini na watano waliobaki.

"Jumamosi kila mtu apige sehemu yake," alisema. "Ya mwenzake asiiguse."

Mzee wa baragumu alifungua ukurasa wa kwanza, akaufunga.

"Jambo jingine," alisema Ansigari. "Ni nani anaumwa wiki hii? Aseme sasa, nimwandikie ruhusa. Ugonjwa haumfedheheshi mtu."

Wawili wakaumwa pale pale. Mmoja alikuwa na watoto wadogo wanne, mwingine alitetemeka tu. Aliwaandikia ruhusa, akawapa mkono. Arobaini na watatu walibaki wamekaa.

*

Jumamosi saa nane ukumbi ulijaa. Mlezi Mkuu aliketi katika kiti chake chenye waya. "Shukrani Zisizokwisha" ilipigwa kwa kufuata taa, ikaenda kama gari la mtu anayejifunza kuendesha, na watu wakashangilia kwa muda uliopangwa. Kisha Ansigari akageuka, akainua kifimbo, simfonia ikaanza.

Mwanzoni ilikwenda salama. Ikafika mahali ambapo zumari nene huingia peke yake. Ansigari alinyoosha mkono kuelekea upande ule, akaonyesha, kwa upole, kama anavyomwonyesha mpigaji wakati wake wa kuingia.

Hakuna kilicholia.

Mkono wake uliendelea kuhesabu mapigo. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Watu arobaini na watatu walikaa na vyombo vyao mapajani. Ukumbi haukuwahi kusikia kitu kama kile, na watu wakafikiri masikio yao yameziba. Kwenye pigo la sita, katika mstari wa tano, mama mmoja mwenye nywele nyeupe alisimama. Hakusema neno. Mapigo yalipokwisha na fidla zikaingia, aliketi.

Wakafika kwenye tarumbeta. Mkono ukaonyesha, kimya kikaja. Nyuma kabisa alisimama mwanamume mmoja na wasichana wawili. Kwenye filimbi wakasimama wanne. Hapakuwa na mtu aliyewapanga. Waliutambua muziki, kwa kuwa vyombo hivyo vilikuwa vikifanyiwa mazoezi majumbani mwao, nyuma ya kuta za vyumba vyao, miaka nenda miaka rudi, na wakajua ni wapi pa nani.

Mlezi Mkuu aliposikia kimya alidhani muziki umekwisha, akapiga makofi. Taa ikawaka. Mawaziri wakapiga makofi. Muziki ukaendelea, wakaacha. Kimya kingine kikaja, wakapiga tena. Mara ya nne Mlezi Mkuu alibaki ameshikilia viganja hewani, hajui avifanyeje, na mawaziri kumi na tisa nyuma yake wakashika vyao hewani vilevile.

Ndipo ikaja sehemu ya Bi Leokadia. Fidla kubwa zikaanza kunong'ona chini, na juu yake hapakuwa na kitu. Ansigari alikuwa amegeukia kushoto, akiiongoza sakafu tupu, na watu wa mistari ya mbele waliona kwamba macho yake yamejaa machozi na mkono wake hautetemeki. Nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama, kisha zaidi ya nusu.

Walinzi waliweka mikono kiunoni penye silaha, wakamtazama mkuu wao. Mkuu wao alikuwa akipekua kitabu cha sheria. Sheria ya Heshima, kifungu cha pili, ilisema wazi kwamba mbele ya Mlezi Mkuu wananchi watasimama wima na kunyamaza. Aliisoma mara tatu. Hakuona pa kuanzia.

*

Pa kuanzia palikuwa kwa Ansigari. Saa kumi na nusu, watu wakiwa bado wanatoka, alikuwa ameshakalishwa mbele ya Bwana Kandoro.

"Umepiga nini leo, Mwalimu?"

"Kilichoandikwa."

"Kimeandikwa na nani?"

Ansigari alimtajia mtunzi. Bwana Kandoro aliandika jina hilo kwa shida, akauliza tahajia, na hati ya kumwita ikapelekwa ubalozini. Ubalozi ulijibu kwa adabu kwamba bwana huyo anapumzika, karibu miaka mia mbili sasa.

"Kumbe hata kwao wanapumzisha," alisema Bwana Kandoro, akafurahi kidogo.

"Niambie jambo moja," alisema Ansigari. "Wilbroad yuko wapi?"

Bwana Kandoro alipekua jalada kwa kidole kilicholowa. "Wilbroad... zumari. Huyu alifariki. Mwaka ule ule, mwezi wa pili tangu apokelewe." Alimtazama Ansigari kwa mshangao wa kweli. "Hukuwahi kuuliza. Ungeuliza ungejibiwa."

Midomo ya Ansigari ilikuwa ikisogea, na Bwana Kandoro alidhani anasali. Alikuwa akihesabu ni mara ngapi alisema hajambo, mama.

Magazeti ya Jumapili yaliandika kwamba okestra ilifana na wananchi walisimama kwa mapenzi. Chini, kwa herufi ndogo, yaliandika kwamba Mwalimu Ansigari Mkolela, baada ya kuitumikia okestra kwa miaka thelathini, amepewa pumziko.

*

Lori lilikwenda siku mbili. Lilisimama mchana, jua likiwa utosini, mahali peupe pasipo na mti, kwenye mashamba ya chumvi ya Serikali. Watu walikuwa wamekaa chini ya bati, wamefunga vitambaa miguuni kwa ajili ya vidonda, wanakula uji.

Aliyemwona kwanza alikuwa Bi Leokadia. Alikuwa amekonda kwa wiki zile mbili kuliko alivyokonda maisha yake yote. Alimsogezea mahali pa kukaa.

"Tulisikia," alisema. "Dereva wa wiki iliyopita alituambia. Kimya kabisa, alisema."

"Kimya kabisa."

"Wenzetu wako hapa kumi na tisa. Wengine usiwaulizie."

Ansigari aliwatazama. Wengine aliwatambua kwa jinsi walivyokaa tu, mgongo wima, kama watu wanaongoja kuonyeshwa wakati wa kuingia. Mmoja aliweka bakuli chini, akaja akasimama mbele yake. Midomo ilikuwa imepasuka kwa chumvi, haingepuliza tena chombo chochote. Alikuwa Hezroni wa tarumbeta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hezroni."

"Nina swali moja tu. Miaka kumi na saba nimekuwa nikilifikiria huku. Sehemu yangu ulimpa nani?"

Ansigari alitaka kusema hakumbuki. Alikumbuka kila nota.

"Nusu niliwapa mabaragumu," alisema. "Nusu nikaziachia fidla za pili."

"Ikasikika vizuri?"

Bi Leokadia aliangalia pembeni.

"Vizuri sana," alisema Ansigari. "Hakuna aliyejua."

Hezroni alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiingoja na kuiogopa. Kisha akapisha. Nyuma yake mpiga filimbi alikuwa ameshasimama, na nyuma yake mpiga ngoma, na nyuma ya mpiga ngoma wengine walikuwa wakiweka mabakuli chini na kujikokota na miguu yao iliyofungwa, wakishika foleni. Ansigari alivua kofia, akaiweka magotini, akaanza kuwajibu mmoja mmoja.